Nani Hulipa Bahati? Uchambuzi wa Kisa cha Kutunga Kanuni za Uchawi katika Riwaya

Kisa na mipaka yake

Kisa ninachokieleza hapa ni cha riwaya moja ya kubuni ambayo nilikuwa mhariri wake tangu ilipokuwa na sura 3 hadi ilipofika sura 12. Mtunzi ameridhia kisa chake kitumike kufundishia, kwa sharti kwamba jina lake, mji wake na jina la riwaya visitajwe, na kwamba matukio ya hadithi yabadilishwe kiasi cha kumfanya atakayeisoma siku ikichapishwa asiitambue hapa. Nimelitekeleza sharti hilo. Sikubadilisha kanuni zenyewe, makosa tuliyoyafanya tulipozitunga, wala sababu zilizotufanya tuchague hili na kuacha lile.

Riwaya inatokea katika mji wa bandari ambao haupo duniani, ingawa majahazi yake yanafuata kaskazi na kusi kama yetu. Baadhi ya watu wa mji huo huzaliwa na uwezo wa kuita bahati. Tangu mwanzo mtunzi alikataa kuuita uwezo huo uchawi, kwa sababu neno hilo kwa msomaji wetu tayari limebeba husuda, usiku na madhara, naye alitaka kitu ambacho mwanzoni kionekane safi. Ndani ya hadithi jambo hilo linaitwa kuita nyota, na mwenye uwezo huo ni mwitaji. Mimi nitatumia neno uchawi pale ninapozungumzia kanuni kwa jumla, maana ndilo watunzi wenzetu wanalolitumia. Mhusika mkuu ni binti wa nahodha aliyefariki, ambaye amerithi jahazi, deni na mdogo wake wa kiume mwenye umri wa miaka 7.

Waliohusika na kazi hii walikuwa wanne: mtunzi mwenyewe, ambaye ni kijana aliyekuwa akiandika riwaya yake ya kwanza, mimi, mwalimu mstaafu wa hisabati aliyekubali kukagua hesabu zetu, na mama mmoja mshona nyavu, msomaji hodari wa riwaya za Kiswahili, ambaye tulimwita Mama na ambaye, kama itakavyoonekana, aliuliza maswali mawili yaliyotuzidi wote. Pamoja nao walikuwapo wasomaji wapatao 30 waliokuwa wakipokea sura kwenye simu zao, moja kila wiki mbili, na kurudisha maoni.

Mswada wa awali: binti asiyeweza kushindwa

Katika sura 9 za mwanzo binti aliita nyota mara 11. Kamba ya adui ilikatika kwa wakati, upepo uligeuka, mlinzi wa forodha alisinzia, mawingu yalifunika mwezi dakika ileile aliyohitaji giza, na hata barua aliyoipokea ikiwa imefungwa ilibadilika kuwa ya heri kwa sababu aliita nyota kabla ya kuifungua. Lugha ilikuwa nzuri, bandari ilinukia lami na ngozi za papa, na wasomaji walisifu mandhari. Hata hivyo, baada ya sura ya 7 maoni yalipungua, na baada ya sura ya 9 yalikaribia kukoma. Tulipowauliza sababu, wengi walijibu kwa adabu kwamba wametingwa na shughuli. Msomaji mmoja tu ndiye aliyesema ukweli, naye alitumia maneno mawili kuhusu binti yule: "Nimeacha kumwogopea."

Nilikaa na maneno hayo kwa siku kadhaa, kwa kuwa niliona yamegusa ugumu ambao ni wa uchawi wa bahati peke yake. Mtunzi anapobuni mtu anayetoa moto viganjani, msomaji huuona moto, hujua ni nguvu ya mhusika, na hawezi kuichanganya na kitu kingine. Bahati haina rangi wala joto. Kamba iliyokatika kwa nguvu ya bahati na kamba iliyokatika kwa sababu mtunzi amechoka kufikiri zinaonekana sawasawa kabisa kwenye karatasi. Sadfa ni chombo ambacho kila mtunzi huwa nacho mkononi, na wasomaji wetu, waliokulia kwenye masimulizi, wanajua kumnusa mtunzi anayekitumia kupita kiasi. Kwa hiyo mtunzi anayeifanya sadfa kuwa nguvu ya mhusika wake anaingia kazini akiwa tayari anashukiwa, na kanuni zake zina kazi ya kumsafisha: zimwonyeshe msomaji, kabla ya tukio, kwamba mkono unaosukuma mambo ni wa binti na si wa mwandishi.

Tulikubaliana kusimamisha sura mpya hadi kanuni zipatikane. Uamuzi huo ulimuuma mtunzi, na ilimchukua wiki nzima kuukubali.

Jaribio la kwanza: kuipima bahati

Wazo la kwanza lilikuwa la kumpa kila mtu akiba. Mtunzi alipendekeza kila mwitaji azaliwe na vipimo 100 vya bahati, atumie apendavyo, na vikiisha viwe vimeisha. Faida ya wazo hilo ni kwamba linakagulika, na mimi kama mhariri nilivutwa nalo kwa sababu hiyo. Tatizo lilijitokeza siku ileile: kamba kukatika ni vipimo vingapi? Kunusurika kuzama je? Mtunzi aliandika 5 na 30, na alipoulizwa kwa nini, hakuwa na jibu isipokuwa kwamba kuzama ni jambo kubwa zaidi.

Hapo mwalimu alitupa kipimo ambacho bado nakiona kuwa kizuri. Alisema ukubwa wa jambo kwa mhusika haupaswi kuamua gharama; kinachoamua ni jinsi lilivyo adimu. Jambo ambalo hutokea mara moja katika mara mbili, kama shilingi kuanguka upande unaoutaka, ligharimu kipimo 1. La mara moja katika 4 ligharimu 2, la mara moja katika 8 ligharimu 3, na kila uadimu unapozidi maradufu, gharama iongezeke kwa kimoja. Alichukua dado ya mchezo wa ludo akatuonyesha: kupata sita kwa dado moja ni nafasi 1 katika 6, yaani vipimo 2 na nusu hivi, na kupata sita kwenye dado zote tatu kwa mrusho mmoja ni nafasi 1 katika 216, yaani karibu vipimo 8, kwa kuwa vipimo 8 kamili ni nafasi 1 katika 256.

Kisha akafanya hesabu iliyotushtua. Tiketi moja yenye nafasi 1 katika milioni ingegharimu vipimo 20 tu, maana mbili ikizidishwa kwa yenyewe mara 20 hufika 1,048,576. Mwitaji mwenye vipimo 100 angeshinda bahati nasibu ya namna hiyo mara 5 katika maisha yake na kununua mji mzima. Tukapunguza akiba hadi vipimo 12, ambavyo vyote kwa pamoja hununua jambo la nafasi 1 katika 4,096: jambo kubwa mara moja, au madogo kadhaa, na si zaidi.

Mtunzi aliandika upya sura mbili kwa mfumo huo, nazo zilikuwa mbaya kuliko za awali. Binti alikuwa akisimama katikati ya dhoruba na kupiga hesabu ya vipimo vilivyobaki, na Mama alirudisha karatasi akisema kwamba zinasomeka kama daftari la madeni la duka la mtaani. Tuliamua kwamba kipimo cha mwalimu kibaki, ila kibaki kwetu. Msomaji asikione hata mara moja. Kilihamia katika daftari la ndani, ambalo mtunzi hulifungua kabla ya kuandika tukio ili ajue kama anajipendelea.

Jaribio la pili: dado yenye kumbukumbu

Wazo la pili lilikuwa la mtunzi mwenyewe, nalo lilitokana na imani iliyoenea sana: aliyekumbwa na mikosi kwa muda mrefu, zamu yake ya heri imekaribia. Mwalimu alilipinga kwa nguvu. Alitukumbusha usiku wa tarehe 18 Agosti 1913 katika nyumba ya kamari ya Monte Carlo, ambapo mpira wa ruleti, lile gurudumu la kamari lenye vyumba vyekundu na vyeusi, uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na wachezaji wakapoteza fedha nyingi kwa kuweka dau kwenye nyekundu, kila mmoja akiamini kwamba nyeusi imeshachoka. Gurudumu halikumbuki lilikotoka. Mpira wa mara ya 27 haujui lolote kuhusu ile 26 iliyopita.

Niliona hapo nafasi ambayo sikutaka tuipoteze, nikasema: katika dunia yetu kuamini hivyo ni kosa, basi katika dunia ya riwaya iwe sheria. Huko dado ikumbuke. Hicho ndicho kitu kimoja kitakachoitofautisha dunia ile na yetu, na kila kingine kitokane nacho. Mwalimu alilipenda wazo hilo kuliko alivyotarajia, kwa sababu liliheshimu hesabu: halikudai kwamba hesabu ni uongo, bali lilibadilisha dhana moja na kukubali matokeo yake yote.

Mama ndiye aliyetuonyesha matokeo hayo. Alisikiliza hadi mwisho, sindano ya nyavu ikiwa mkononi, kisha akauliza: "Sasa mimi nikiwa na mtoto ana mtihani, si nitamlaza njaa siku tatu kabla, ili mkosi uishe?" Hakuna aliyejibu. Swali lilikuwa sahihi kabisa. Kama mkosi huzaa heri, basi watu wa mji ule wangekuwa na kila sababu ya kujitesa na kuwatesa wanaowapenda. Maskini wangevunja vidole vyao kabla ya msimu wa kusafiri, na matajiri wangelipa watu wa kuwachapa.

Mtunzi alipendekeza kanuni ya kuziba: mkosi wa kujitakia hauhesabiwi. Nilimpinga, kwa kuwa niliona mlango aliokuwa anaufunga ndio uliokuwa na hadithi nyuma yake, lakini yeye hakutaka kuandika riwaya ya mateso, na riwaya ni yake. Kanuni ikafa pamoja na kiraka chake. Swali la Mama nililiandika pembeni mwa daftari langu.

Ubao wa bao

Kilichotutoa kwenye mkwamo hakikutoka kwenye mjadala. Alasiri moja mtunzi na mwalimu walikuwa barazani wakicheza bao, nami nikitazama. Wasiocheza wanapaswa kuelewa jambo hili moja: bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji 32, nalo halina dado wala kitu chochote cha kubahatisha. Mchezaji anapokula, kete alizozila haziondoki ubaoni. Huzitia moja moja katika mashimo ya upande wake, na mchezo huendelea na kete zilezile hadi mmoja aishiwe safu ya mbele au akose la kucheza. Mwalimu alikula mara tatu kwa mkupuo mmoja, kete zikizunguka chap, chap, chap chini ya vidole vyake, na upande wa mtunzi ukabaki na kete zisizofika kumi. Mtunzi akauliza, kwa mzaha wa aliyekwisha kushindwa, zake zote zimekwenda wapi. Mwalimu akajibu bila kuinua macho: "Zipo. Ubao haujapungua hata kete moja."

Mtunzi aliuacha mchezo palepale. Bahati ya mji wake iwe kama kete za ubao: haizaliwi na haipotei, huhama tu. Binti akipata upepo wa vipimo 8, kuna mtu mahali fulani amepungukiwa vipimo 8. Waitaji hawatengenezi kitu. Wanakula upande wa pili.

Lugha yenyewe ilikuwa imetungoja pale. Nasibu ni neno la Kiarabu lenye maana ya fungu, sehemu ambayo mtu amegawiwa, na mtu akisema nasibu yangu anasema, bila kujua, fungu langu. Mwalimu aliongeza kwamba hata hesabu za uwezekano zilikua kutokana na suala la mafungu, maana barua walizoandikiana wanahisabati wa Kifaransa Pascal na Fermat mwaka 1654 zilihusu namna ya haki ya kugawana dau la mchezo uliokatizwa kabla haujaisha. Na wahenga wa pwani walishasema usisafirie nyota ya mwenzio. Methali hiyo tumeizoea kama onyo la kutotegemea heri ya mwingine. Mtunzi aliisoma upya kama taarifa ya kosa la jinai, na kuanzia siku ile ndiyo iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la ndani.

Kanuni zilivyokaa

Kanuni ya kuhama ilileta swali la kwanza: inahama kutoka kwa nani? Tulikuwa na njia tatu mezani. Ikitoka kwa mtu yeyote duniani, gharama ipo lakini haina uso, na msomaji hawezi kumhurumia asiyemjua. Mwitaji akichagua wa kumnyang'anya, riwaya inageuka kuwa ya wezi na maadui, maana kila mtu angemchagua adui yake na tatizo la maadili lingekwisha. Mtunzi alichagua njia ya tatu, nami nadhani ndiyo iliyoiokoa kazi yote: bahati hutoka kwa waliokula na mwitaji chungu kimoja tangu jua la siku ile lilipochomoza. Kama ni mmoja, hulipa yote. Kama ni wengi, hugawana. Mwitaji hachagui, na hapati habari.

Sababu yake ilikuwa rahisi. Kwetu kula chungu kimoja ndiyo alama ya ujamaa ambayo haihitaji maelezo. Kanuni hii inaupeleka mzigo moja kwa moja kwa watu ambao mwitaji angependa kuwaepusha nao, na inafanya hivyo kupitia tendo la upendo. Pia inaleta desturi za mji bila mtunzi kuzilazimisha. Mwitaji mwenye dhamiri hula peke yake. Mwitaji asiye na dhamiri, kama ana mali, huandaa karamu: kila wiki hualika wachukuzi wa bandari, masinia ya pilau yakapangwa uwanjani, naye hupita akichota tonge moja kutoka kila sinia, watu wakimwombea dua kwa ukarimu wake. Mtunzi aliniletea ukurasa wa karamu hiyo saa chache baada ya kanuni kupatikana. Sikugusa hata nukta.

Kanuni nyingine zilikuja haraka. Nyota haiwezi kuleta lisilowezekana; huelemeza tu jambo ambalo lingeweza kwenda huku au kule. Lililokwisha kutokea limekwisha, hata kama hakuna aliyeliona: dado iliyokwisha kutua chini ya kikombe haigeuki, na barua iliyoandikwa haibadiliki ndani ya bahasha. Kanuni hii iliua sura ya 4 nzima, ile ya barua ya heri, na mtunzi aliifuta bila manung'uniko. Mwisho tuliweka dalili: mwitaji anapoita, masikio yake huziba kama ya mzamiaji aliyeshuka ghafla, na hayazibuki hadi jambo liishe. Dalili hiyo ni ya msomaji kuliko ya mhusika. Masikio yakiziba, ni binti. Yasipoziba, ni dunia.

Matokeo

Sura 9 ziliandikwa upya zikawa 6, na miito 11 ikawa 3. Tukio lililobeba mabadiliko yote ni la sura ya 5 na ya 6. Binti, ambaye sasa hula peke yake juu ya sitaha akiwa amewageuzia mgongo mabaharia, anapika wali wake, anakula, na kuacha sufuria iloane. Mdogo wake anangoja dada alale, anajipenyeza gizani, na kuukwangua ukoko kwa kijiko cha kifuu, akisita kila kijiko kinapolia, akitafuna taratibu ili asisikike. Msomaji anamwona, dada hamwoni. Usiku uleule jahazi linapaswa kupita mlango wa mwamba, upepo umekufa, na wadai wako nyuma. Masikio ya binti yanaziba. Katika daftari la ndani mtunzi alikuwa amekadiria kwamba upepo kuamka saa ile na kwa upande ule ni jambo la mara moja katika 200 na ushei, kwa hiyo aliandika vipimo 8, na mtoto mwenye vipimo 12 akabaki na 4.

Msomaji yuleyule aliyekuwa ameacha kumwogopea binti alituma ujumbe akiwa katikati ya sura ya 5, kabla hata ya kuona lililofuata: "Asile! Mwambieni mtoto asile!" Maoni ya wengine yalirudi pia, na safari hii walikuwa wakibishana wao kwa wao kuhusu nani amekula na nani.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Ninaamini jambo lililofaa zaidi ni mpangilio wa habari, yaani msomaji kuijua gharama kabla ya mhusika. Tungeweza kuwa na kanuni ileile ya chungu kimoja na bado tukashindwa, kama tungefichua baada ya upepo kuvuma kwamba mtoto alikuwa amekula ukoko. Hapo ingekuwa mshangao wa mara moja, na msomaji angeona tena mkono wa mtunzi. Kwa kuwa alikuwa amemwona mtoto na kijiko, alipofika kwenye masikio yaliyoziba alikuwa tayari anajua kila kitu isipokuwa kiasi, na bahati nzuri ya binti ikawa ndicho kitu anachokiogopa. Uchawi ambao msomaji anaomba usifanikiwe umeacha kuwa njia ya mkato ya mwandishi.

Daftari la ndani nalo lilifanya kazi, kwa namna ambayo sikuitarajia. Nilidhani litamsaidia mtunzi kuwa na usawa kati ya sura na sura. Lilimsaidia zaidi kukataa. Mara mbili alifungua daftari, akakadiria tukio alilolitaka, akakuta linahitaji zaidi ya vipimo ambavyo watu waliokula na binti wangeweza kulipa wakiwa hai, akatafuta njia nyingine ya kumtoa taabuni, na njia zote mbili zilikuwa za akili na ujasiri wa binti mwenyewe. Jambo hili halikuwa mpango wetu, ila tangu hapo kila mtunzi anayeniletea uchawi wa aina yoyote namwomba aniambie kwanza tukio moja ambalo uchawi wake hauwezi kulilipia.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Tulishindwa katika maelezo. Sura ya 3 mpya ina bibi mzee anayemweleza binti kanuni zote kwa kurasa karibu tatu, na hata baada ya kuhariri mara nne bado inasomeka kama tangazo la ofisi. Kosa ni langu. Niliogopa wasomaji wasielewe, nikamsukuma mtunzi aeleze mapema, kumbe ukurasa wa masinia ya pilau ulikuwa umeshafundisha kanuni ya chungu kimoja kwa kumwonyesha tajiri akichota matonge, bila mtu yeyote kufafanua. Mama alinionyesha hilo kwa kuziruka kurasa zile tatu na kunisimulia kanuni sahihi kabisa.

Kosa la pili lilijitokeza katika sura ya 11. Binti anashuka sokoni na kukutana na baharia wa zamani wa baba yake, mtu ambaye hadithi ilimhitaji sana. Ilikuwa sadfa ya kawaida, ya aina ambayo riwaya nyingine yoyote ingesamehewa. Masikio hayakuziba. Lakini wasomaji wasiopungua 5 waliandika kuuliza nani amelipa, na mmoja alirudi nyuma sura mbili akitafuta nani alikula na baharia yule. Hapo tulielewa kitu ambacho kanuni zetu zilikuwa zimekifanya nyuma ya migongo yetu: mtunzi anayeifanya bahati kuwa nguvu yenye bei hupoteza haki ya kutumia sadfa ya bure. Dalili ya masikio haikutosha kuirudisha, kwa sababu dalili humjulisha msomaji kwamba binti hakuita, lakini haimzuii kushuku kwamba mwingine ameita. Tiba ilikuwa sentensi moja katika sura ya 10, ambamo baharia anasikia kwamba jahazi la marehemu rafiki yake limetia nanga, na anaanza kulitafuta. Wakakutana kwa sababu mmoja wao alikuwa akimtafuta mwenzake. Tangu hapo mtunzi amepitia sura zote na kuondoa kila mkutano wa ghafla, kazi iliyomchukua mwezi mzima.

Pengo la tatu hatujaliziba. Baada ya kusoma sura ya 12, Mama alikuja na nyavu zake kama kawaida, akakaa, akasema kwamba amelifikiria tena lile swali lake la mtihani. Nilimwambia kwamba halina nafasi tena, kwa kuwa katika kanuni mpya kumlaza mtoto njaa hakumpi chochote. Akatikisa kichwa. Alisema kama mtoto wake angekuwa mwitaji, yeye angekula naye sahani moja kila usiku wa kuamkia mtihani, angeamka alfajiri akale naye tena baada ya jua kuchomoza, na angehakikisha hakuna mwingine aliyekula nao, ili mtoto akiita, aite kwake peke yake.

Kanuni zetu zote zilikuwa zimemchukulia anayelipa kama mtu asiyejua au asiyetaka. Hakuna mahali tulipoandika nini hutokea mlipaji anapokuja mwenyewe na sahani mkononi, na anayepaswa kukataa chakula hicho ni mtoto. Mtunzi aliuliza kama anaweza kuyatumia maneno hayo, akakubaliwa. Sura ya 13 inaanza na mama huyo jikoni, kabla ya alfajiri, akipakua.